Mishi, Mishi, Mishi

Siku ya tisa mifereji ya Kisauni yatoa upepo mtupu,
na Badi, mwenye kufuli la kisima cha Mlaleo,
akanitupia daftari lake la kurasa themanini na sita.
"Wewe msomi wa kompyuta, nitengezee hili.
Majina yajirudia, macho yaniuma."

Nikaketi juu ya kreti la soda, kompyuta mapajani,
nikayaingiza kama yalivyokuja:

Kadzo, Mishi, Mishi, Mishi, Auma, Kadzo, Fumo.

Orodha. Kitu chenye kichwa na mkia,
kila jina lakanyaga kisigino cha lililotangulia.
Nami kwa wepesi wa vidole na uvivu wa fikra
nikaandika neno moja na mabano mawili,
nikaimwaga orodha yote ndani ya seti.

Seti ni bawabu wa harusi:
jina lako likishapita, haliingii tena,
wala hakumbuki nani alimtangulia nani.

Yakatoka manne.
Fumo, Mishi, Auma, Kadzo.
Safi kama sahani ya mgeni.
Nikajipongeza, nikaagiza mahamri mawili na mbaazi.

Badi akayasoma kwa sauti.
Fumo, aliyefika jua lishapanda,
mswaki ungali mdomoni,
akasukuma mkokoteni wake mbele ya wote.
Auma akamtazama Kadzo.
Bi Mishi akajaza dumu moja, na bomba likafungwa.
"Jina lako limekwisha."

Bi Mishi akaranga viazi karai kila jioni,
na hajibu neno kwa neno akiweza kulijibu kwa vina:

*Dumu langu la manjano, lina nduguze wawili,*
*Nimebeba kwa mkono, kabula ya jua kali,*
*Jina moja si mfano, wa kiu yangu kamili,*
*Madumu uliyofuta, nakudai ni mawili.*

Foleni ikaangua kicheko.
Mimi nikaigeuza seti kuwa orodha tena, haraka,
jasho likinidondokea kwenye vibonye.
Mabano yakabadilika sura.
Fumo akabaki kichwani.
Mishi akabaki mmoja.
Umbo lilirudi, watu hawakurudi;
machicha hata uyashindilie kifuuni,
hupati nazi.

Basi nikajaribu kamusi:
jina liwe ufunguo, idadi iwe thamani.
Safari hii nilihesabu kutoka kwenye daftari lenyewe.
Mishi, tatu. Kadzo, mbili. Auma, moja. Fumo, moja.
Bi Mishi akasema, hapo sawa.

Kadzo hakusema sawa.
"Mbili zangu hazikuja pamoja.
La kwanza langu. La pili la mamangu,
nalo nilirudi mkiani nikalipangia upya,
nyuma ya Auma, kwa haki yake Auma.
Hapo waniandika kama mtu wa pupa."

Nikaangalia mabano yangu yote,
ya mraba, ya mviringo, ya mawimbi.
Sikuona la kulitia hilo.

Badi akalifuta daftari kwa shati, lilikuwa limelowa pembeni,
akanirudishia bila neno.
Nikaanza juu, nikisoma kabla ya kuandika,
na kila aliyetajwa akaitika.

Kadzo. "Nipo."
Mishi. "Naam."
Mishi. "Naam."

Jina la tatu wino ulikuwa umevujia mstari wa chini,
doa la buluu, mkia wa herufi moja.
Nikasita.
Bi Mishi akaligonga dumu kwa kidole cha pete,
likatoa sauti ya kitu kitupu.
Nikaliandika.

Auma. Kadzo, kwa ajili ya mamake.
Mahamri yangu yalishapoa, inzi wawili juu yake.
Fumo akatema povu la mswaki, akauliza:
"Kwani mimi ni wa ngapi?"

"Wa saba," tukamjibu, foleni nzima.