Kasha Namba Kumi na Saba

Belgrade, mwaka ule theluji iliwahi,
wizara iliniagiza makasha ishirini:
msonobari, pamba ndani, parafujo za shaba,
si misumari. Msumari hutikisa,
na taifa halikutaka kutikiswa.

La kumi na saba lilikuwa la Vukosava.
Turubai jeusi, refu kunizidi,
na mstari mmoja mwekundu uliopinda
kama mtu aliyesita njiani.

Ofisa wa utamaduni alilizunguka mara mbili,
miwani mkononi. "Sielewi kitu," akasema,
"na hapo ndipo penye faida. Wakiuliza ng'ambo
kama kwetu msanii yu huru, waonyesheni hili."
Akapiga muhuri. Wino ukachuruzika hadi kwenye mbao zangu.

Mimi nilikuwa naujua ule mstari.
Ni njia ya kutoka kwake hadi posta
alikopeleka kila Ijumaa kifurushi
(soksi, tumbaku, malimau mawili)
kwa kaka yake kule kisiwani,
na kila mara kikarudi, kamba haijafunguliwa.
Pale ulipopinda
ndipo alipoambiwa asilete tena.

Kizuri chajiuza, nasikia.
Hiki kiliuzwa, na mwenyewe hakuulizwa.

Picha ikapanda ndege. Yeye akaomba pasipoti;
wakamwambia asubiri, na kusubiri hakuna muhuri.
Gazeti la Brussels likaandika: uhuru usio na mipaka.
Alinisomea kwa sauti huku akikaanga vitunguu,
akacheka mpaka vikaungua.

Mwaka wa tatu kasha likarudi
limejaa lebo kama kifua cha jenerali:
Paris, São Paulo, Brussels, Bombay.
Alikuja karakana na koti la mvua.
Picha hakuitazama. Aliingiza kichwa
ndani ya kasha tupu, akavuta pumzi, ndefu.
"Chumvi," akasema. "Bahari. Na kitu kingine... kahawa?"
Sikumwambia ni gundi yangu.

Wizara ilihesabu picha, haikuhesabu mbao.
Nikamtengenezea meza ya jikoni.
Mshale wa JUU UPANDE HUU
alitaka niuelekeze chini,
na palipoandikwa DHAIFU, SHIKA POLEPOLE
akaweka sahani ya pili,
akakata mkate,
akaniambia nisikalie kiti kile.