Huenda

Nesi wa Kongwa hakuniahidi kitu.
Alisema: soya, huenda ikasaidia.
Huenda.
Nikatoka na neno hilo kama chenji isiyotimia,
nikalihesabu njiani mara tatu.

Jumamosi nikaingia sokoni Kibaigwa.
"Ya Songea hii," akasema Chidawali,
akipiga debe kwa kiganja, vumbi likaruka.
"Wataka ya kuku au ya watu?"
Ya watu, nikamwambia.
Ya mtu mmoja hasa.

Mama yetu alikufa na "jipu".
Ndivyo tulivyoliita, miezi kumi na minne,
tukilifunga majani na kipande cha kanga,
yeye akipepeta uwele kwa mkono mmoja
ili tusiuone ule mwingine ulivyovimba.
Jina lenyewe tulilijua kwa Yunisi,
kwenye karatasi ya hospitali, Dodoma mjini,
daktari kijana akisoma huku anatazama dirisha.
Dada yangu alirudi na ziwa moja
na mzaha wake:
"Sasa nalala kifudifudi bila kugombana na mtu."

Shemeji anasema soya ndiyo inayoleta.
Jirani anasema soya inaponya, tupeni vidonge.
Nesi peke yake alikuwa na neno dogo:
huenda; na walioizoea tangu utotoni
ndio wanaoonekana kunufaika zaidi;
ila dawa ni dawa, mama,
na uvimbe hausubiri uji.

Basi naosha. Naloweka mpaka alfajiri,
maganda yanaelea kama kucha za kichanga.
Nachemsha, naanika. Upepo wa Julai
unaiba punje, kuku wanaiba zaidi.
Nakaanga, napeleka mashineni,
soya kopo moja, uwele makopo matatu.
Mwenye mashine analalamika: mafuta yanaziba chekeche.
Namwongezea mia mbili, ananyamaza.

Nyemo ananusa kikombe.
"Uji unanuka maharage."
Kunywa.
"Wa nini?"
Ana miaka kumi na mmoja. Nimwambie nini?
Kwamba kwenye ukoo wetu kuna mlango
nisioujua kama umefungwa au umerudishiwa tu?
Ni chakula, nasema.
Na sijasema uongo.

Nimelifikiria neno la nesi nikikoroga.
Huenda kisimani mtu, huenda shambani,
huenda shule mtoto na viatu vya mwaka jana;
wala hakuna anayeuliza kila asubuhi
kama njia itamlipa.
Yeye alinipa huenda ya shaka.
Mimi nimeshika ile yenye miguu.

Na kila mwezi, siku zangu zikiisha, nafunga mlango:
vidole vitatu, mduara mdogo mdogo,
kutoka kwapani kuja katikati, bila haraka.
Yunisi ndiye aliyenifundisha,
akionesha juu ya kovu lake.
Kisha navaa, narudi jikoni.

Nyemo amekimbilia shule, kikombe kiko nusu.
Nusu hiyo nainywa mimi,
imeshapoa,
inanuka maharage kweli.