Kiinua Mgongo

Dundee, Januari. Saa kumi na moja jioni, giza limeshafunga maduka.
Bomba la joto ukutani linagonga
kama mtu aliyesahau funguo.
Barabara ya Perth, ghorofani juu ya kinyozi,
nimekalia msimbo wa watu wengine,
kazi isiyo na mshahara wala likizo:
kuchora mihimili miwili
ili namba za mtu nisiyemjua zipate mwili.

Programu yetu ni huria, aingiaye haulizwi jina.
Winnipeg kuna muuguzi anayechora homa za watoto
kwa rangi yetu ya machungwa.
Kuna mwingine, sijui wapi, hupima chumvi ya mto,
na kila asubuhi hutuandikia kwamba tarehe zake zimepandana
kama viatu mlangoni penye maulidi.

Leo ni zamu ya kufuta.
Chini kabisa, chini ya sakafu ya sakafu,
kuna faili la mistari mia tatu na kumi na mbili
lijualo jambo moja tu: wapi pa kuweka vialama,
sifuri, tano, kumi, kumi na tano,
visibanane, visitawanyike.
Mwandishi: F. Auchterlonie, 1997.
Juu ameacha onyo:
*Usiguse mstari wa 88. Sijui kwa nini unafanya kazi.*

Mtegemea cha nduguye hufa maskini,
mama alikuwa akisema, akikataa kukopa hata chumvi.
Mimi nimekula chumvi ya Auchterlonie miaka kumi na minne
na sijawahi kubisha hodi kurudisha bakuli.

Mashine mpya hazimwelewi tena.
Kila toleo linamkaripia kwa maandishi ya njano:
umepitwa, umepitwa, umepitwa.
Heledd wa Bangor ameandika: astaafu kabla ya Machi.
Priyesh wa Guelph ameweka dole gumba.
Hakuna aliyetaja kiinua mgongo.

Barua yangu ya chuoni ilirudi.
Kina Auchterlonie wa Broughty Ferry niliwapata wawili,
wa kwanza alikuwa fundi wa meno.
Jumamosi nikapanda basi kwenda kwa wa pili.
Alifungua mlango ana udongo kwenye kucha,
kitunguu cha majani mkononi kama rungu.
Nikaeleza: faili lako, vialama, tunaomba kulistaafisha kwa heshima.
Akafikiri.
"Lile? Niliandika mchana mmoja
nikisubiri mashine ya kufulia.
Nilidhani mlikwisha kulitupa."
Hakuuliza nani analitumia.
Aliuliza kama napenda supu.

Usiku ule nikafuta.
Penye nafasi ya kueleza sababu, ambapo huandikwa neno moja kavu,
vidole vikanirudisha darasa la sita, kwenye mizani na vina:

Lalani mistari yetu, kazi mmeimaliza,
Mlichora namba zetu, gizani mkaangaza,
Hamkudai kwa mtu, wala bei kutangaza,
Wa themanini na nane, siri hukuieleza.

Majaribio elfu nne yakapita, kijani tupu.
Heledd akauliza ile ni lugha gani.

Siku ya tatu, yule wa chumvi:
*grafu yangu imesogea kushoto, upana wa unywele.*
Nikapima. Kweli.
Nikapima tena kwa rula juu ya kioo, kama mshona nguo.
Mstari wa 88 ulikuwa umekosea,
tangu 1997 umekosea kidogo, kwa uaminifu,
na sote tulikuwa tumeinamisha shingo kuufuata.

Sasa nirudishe kosa?
Au nimwambie mtu wa watu
kwamba mto wake haukuwa pale alipouona?

Kinyozi amezima taa. Bomba limenyamaza.
Nimepasha supu iliyobaki, nimeila nikiwa nimesimama,
nimeosha bakuli, nimelifuta, nimeliweka karibu na mlango.
Bakuli si langu.
Basi la kwanza kesho ni saa moja na robo.
Nitamuuliza kuhusu ule mstari.
Atasema hajui.