Makabidhiano

Kaspar, nywila zimo ndani ya bahasha,
birika linavuja upande wa mpini,
na kiti hiki ukikiegemea sana kitakutupa.
Hayo mepesi. Sasa sikiliza la uzi.

Ukurasa anaouona mfamasia kule Võru
ni uso tu: visanduku, vitufe, tarakimu nyeusi.
Huku Tartu, ghorofa ya chini penye baridi,
inakaa huduma inayoijua kweli ya ghala:
vichupa vingapi, vya nani, vinaharibika lini.
Uso haujui kitu. Huduma haina uso.
Kazi yetu ni kuvifunga kama chanda na pete,
kimoja kikigeuka, kingine kisibaki nyuma.

Mwaka wangu wa kwanza nilivifunga vibaya.
Ukurasa uliita "idadi";
huduma, kwao, ilipewa jina la "salio",
na aitwaye kwa jina lisilo lake haitiki.
Hakuna kengele iliyolia. Hakuna wekundu.
Leida akapunguza: sita, tano, nne, tatu,
kioo kikamkubalia kila mara, kikakubali hadi sifuri,
na ghala, ambalo halikuambiwa neno,
likaendelea kuhesabu saba.

Lori haliendi kwa wenye saba.

Februari, theluji imefika madirishani,
mzee Elmar akaja na mfuko wake wa kitambaa
kuchukua insulini.
Jokofu likafunguliwa. Mwanga wake tu.

Hakufa, usinitazame hivyo.
Leida aliendesha gari kilomita sabini usiku ule,
akarudi na vichupa viwili kifuani, ndani ya koti, visigande,
na kesho yake alikuja hapa, ofisini,
akatupa funguo za gari juu ya kibodi yangu.
Herufi zikajiandika zenyewe, jjjjjjjjj, mstari mzima.
Hakupaza sauti. Aliuliza:
"Nikiandika pale, huwa namwandikia nani?"

Sikuwa na jibu.
Nilikuwa na neno moja la kubadilisha.

Halafu, kwa woga, nikafunga kila kitu na kila kitu,
kwenda na kurudi.
Uso ukaiambia huduma, huduma ikauambia uso,
uso ukadhani ni habari mpya, ukairudisha tena,
vikabaki vikijibizana kama mwangwi kisimani
hadi kivinjari kikazimia.
Ndipo nikajifunza kulegeza.
Mkono wa mtu una haki ya kusita:
anaandika nne, anafuta, anahesabu upya kwa kidole.
Ile nne ya kwanza si ya ghala. Ni yake.
Iache ukurasani mpaka abonyeze Hifadhi.
Na huduma ikikataa, uso useme imekataa,
usimvishe mtu kilemba cha ukoka.

Leida bado ana daftari,
penseli yake imefungwa kwa uzi wa sufu.
Simlaumu. Kila Ijumaa hulinganisha
daftari na kioo, kioo na jokofu,
kisha hupiga simu, husema "Sawa", hukata.
Miaka kumi na moja, neno hilo hilo.
Simu hiyo nayo nakukabidhi.
Usijaribu kumwambia habari za hali ya hewa.

Njoo hapa, kabla sijavua kitambulisho.
Ni saa moja na dakika kumi, nje bado kiza,
wao hufungua mapema kwa ajili ya wazee.
Weka macho mstari wa tatu. Usiguse kitu.

Saba.

Saba.

Sita.

Umeona?
Kuna mtu huko ametoka sasa hivi na mfuko,
amesimama mlangoni
anatafuta glavu yake ya pili.