Ngazi ya Milimita Tisa

Bahasha imefika Elbląg na theluji yake.
Ndani, bamba la shaba ya manjano, jembamba kama ganda la kitunguu,
limeliwa na tindikali hadi zikabaki ngazi, vishikizo,
na reli za kuzuia mabaharia wasitumbukie,
mabaharia wenyewe sawa na punje za mchele.

Baba mkwe, Wieńczysław, alichomea meli miaka thelathini na mmoja.
Kule Gdynia walikunja vyuma kwa mashine
kubwa kuliko kitanda cha bwana harusi.
Leo ameweka lenzi jichoni, anauliza,
si mimi, anaiuliza shaba:
hata wewe, na udogo huo, wataka mashine?

Jirani yetu Gniewomir anayo.
Mabamba mawili ya alumini, skrubu nne, meno kama ya kitana.
Bei yake, meli mbili nzima pamoja na rangi.
“Bila hii,” asema, “mnaharibu tu.”

Mzee akachukua nyembe mbili na rula ya chuma.
Akabana, akainua. Kipande kikasimama wima
kama askari aliyeitwa jina.
Cha pili kikaenda kombo.
Cha tatu akakinyoosha, akakikunja upya, kikakatika:
shaba husamehe mara moja, kisha huhesabu.

Tukawasha mshumaa.
Samaki mkunje angali mbichi,
lakini nani alituambia ubichi hurudi?
Moto kidogo, rangi igeuke, iache ipoe,
na shaba ikaufuata wembe kama karatasi.

Ila ile reli ya ubavuni, sentimita kumi na mbili!
Wembe uliishia katikati.
Reli ikajikunyata kama mkia wa mbwa aliyechapwa.
Tukabisha kwa Gniewomir na sahani ya keki.
Hakucheka. Angecheka ningemshukuru zaidi.

Vidole vya mzee vinatetemeka tangu Novemba.
Mimi ni muuguzi, nalijua jina la mtetemo huo.
Skrubu zilipokaza, mtetemo ukabaki nje,
reli ikapinda kwa mstari mmoja.
Sikuuliza tena kama ni lazima.

Ikabaki ngazi. Ikachomoka kwenye kibano, ti!
zulia likaimeza.
Tulipiga magoti na tochi hadi saa sita usiku.

Kesho yake, wodini, nikivua kiatu,
nikaikuta imenasa kwenye soksi:
milimita tisa, vipandio vyote salama,
haijakunjwa bado.