Sekunde Mia Tatu

Kila yai Urve huliandika siku yake:
Jumanne, tisa, B.
Kwa penseli tu. Wino hupenya ganda, anasema,
na yai halijui kukataa.

Nje, Tartu iko chini ya theluji ya Machi,
ile chafu, iliyokwisha kuchoka kuwa theluji.
Ndani, mashine ya kuatamia inavuma
joto la tumbo la kuku,
na kuku mwenyewe hayupo.

Anamega ganda upande wa hewa, kidogo kidogo,
kama mtu anayefungua barua isiyo yake.
Kibano kinaondoa ngozi nyeupe
na hapo chini, utando:
mishipa imetandaa kama mito kwenye ramani
ya nchi ambayo haijapewa jina.
Bado si kifaranga, kanuni zinasema.
Bado hakisikii maumivu, kanuni zinasema.
Urve huzisoma kanuni kila mwaka, polepole,
kama anayesubiri mojawapo ikohoe.

Zamani walitumia sungura.
Mzee Aadu, aliyestaafu, aliwashika kwa mikono yake.
Ukimuuliza habari za sungura
huanza kufuta miwani.

Leo ni ua. Lile la buluu liotalo katikati ya shayiri.
Kampuni inataka dondoo lake
katika maji ya kufutia wanja.
«La asili,» karatasi inasema, «asili mia kwa mia,»
kana kwamba upupu ulitoka kiwandani.

Mama yake, Leida, alimtoa matongotongo
kwa maji ya ua hilohilo, pamba na bakuli la bati,
kila Jumamosi ya utoto wake.
«Hakuna aliyepofuka,» husema mpaka leo kwenye simu.
«Mama, hukuhesabu,» Urve hujibu.

Tone.
Saa inaanza.

Kumi. Hakuna kitu.
Ishirini. Mto mmoja umenenepa.
Jicho lingefumba na kufumbua, lingelia, lingejiosha;
yai halina kope.
Thelathini na nne:
doa, dogo kuliko kichwa cha pini,
kisha jingine, kisha kingo zote zimevunjika
na damu inakwenda itakako, bila haraka.

Anaandika: 34, damu.
Mkono hautetemeki. Utatetemeka baadaye, ndani ya lifti,
akitafuta kitufe cha chini.

Saa kumi na moja, wenzake wameondoka.
Anachukua spiriti tupu, ileile
ambamo kampuni iliyaloweka maua.
Tone. Sekunde thelathini na sita.
Anakaa kimya.
Kisha anafungua mkoba, anatoa kopo la biskuti,
maua makavu ya Leida, rangi imefifia kama shati la shule,
anachemsha maji kwenye birika la chai,
anachuja, anangoja yapoe,
na kwenye ganda la mwisho haandiki herufi yoyote.

Tone.

Mia. Mia na hamsini.
Mito imetulia katika njia zake.
Katikati, kitone cheusi kinadunda, kinadunda,
moyo usiojua kwamba uko kwenye mtihani.
Mia mbili na tisini.
Mia tatu.

Hakuna aliyemtuma. Hakuna safu ya jambo hilo kwenye fomu.
Kwenye ripoti ataandika: dondoo, kama lilivyoletwa,
linawasha vikali. Sahihi. Tarehe.
Ua litabeba lawama ya spiriti,
mpaka mtu aulize, na yeye ataomba waulize.

Anampigia mama.
«Sekunde mia tatu, bila doa.»
«Mimi nilikufanyia miaka sita,» Leida anasema,
na nyuma yake redio inataja baridi ya kesho.

Mayai yote huenda kwenye friza, yaliyofeli na lililofaulu.
Hiyo nayo ni kanuni.
Anayapanga kwenye trei, moja moja.
Lile lisilo na herufi analishika muda mrefu zaidi,
viganja viwili, bado lina joto.
Kisha anafungua mlango wa friza.