Alama Thelathini

Karatasi imetoka mbali, ina muhuri.
Kituo cha afya Urambo, chumba cha tatu,
naisoma kama nilivyofundishwa, bila kutabasamu.
Bi Nyanzala kapakata mkoba wake
kama abiria asiyeamini kuwa treni itasimama.

Tufaha, meza, senti. Shika maneno hayo, bibi.
Baadaye namwuliza.
Meza, anasema. Senti. Na ntonga.
Tufaha hajawahi kulimenya;
ntonga kaipasua kwa jiwe maisha yake yote.
Naandika mbili.

Mia, toa saba.
Anauliza: saba za nini?
Mwongozo haukulitarajia swali hilo.
Huyu kakaa miaka thelathini na minane
kwenye godauni la ushirika akichambua tumbaku,
hili la juu, hili la kati, hili limeungua,
kwa dole gumba tu, hata taa ikizimika.
Wanunuzi walibishana na mizani. Naye, hapana.

Chora saa. Iwe saa tano na dakika kumi.
Penseli kaishika kama sindano ya kushonea magunia.
Duara limetoka yai la kanga,
namba zimebanana upande mmoja,
na mshale mfupi umekwenda moja kwa moja kwenye tano.
Nani kakosea?
Sote hapa hutazama kumi na moja, tukasema tano.
Mwongozo unasema sifuri.
Naandika sifuri. Nafuta. Naandika moja. Nafuta
mpaka karatasi inatoboka.

Kumi na sita kati ya thelathini.
Nilitaka kuishia hapo, niilaumu karatasi,
nimrudishe nyumbani mzima.

Lakini mkwewe, Kalunde, kanifuata mlangoni,
sauti kaishusha:
Chumvi anatia mara tatu.
Juzi katoka alfajiri kwenda godauni
(lilibomolewa, nesi, unajua),
karudi saa nane na majani ya mpera,
kayafunga mafungu, daraja kwa daraja,
hakuna hata moja lililokosewa,
akadai malipo yake.
Na mimi ananiita Tausi.
Tausi tulimzika.

Napekua fomu, mbele, nyuma.
Pa kumwandika Kalunde hakuna.
Basi nabana herufi pembezoni, kalamu ikikwaruza:
chumvi, mara tatu. Majani, sawasawa yote. Tausi.

Ijumaa fomu zinakwenda Tabora mjini,
kijana anaziingiza kwenye kompyuta,
namba baada ya namba,
na kompyuta haina pembezoni.